Rubani Hupimwa na Ardhi

Abiria wa basi la Iringa anapovuka Hifadhi ya Taifa ya Mikumi huwa na macho ya wanyama tu. Barabara kuu inaikata hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na muda wote huo watu wamebanana madirishani: twiga wale, nyati hao, mtoto anyanyuliwe awaone tembo. Karibu na makao makuu ya hifadhi, Kikoboga, kuna kiwanja cha ndege ndogo. Hakuna anayekinyooshea kidole, wala sishangai, maana hakina cha kuonyesha zaidi ya ukanda mrefu uliofyekwa na soksi ya kupima upepo. Swala ndio wanaokithamini. Nyasi zake ni fupi, kwa hiyo simba hana pa kujificha.

Wapo na watu wanaovithamini viwanja vya namna hii kwa sababu nyingine, na hao ndio ninaotaka kuwasifu: marubani wa ndege ndogo, hasa wale wa zamani waliokuwa wakirusha ndege kutoka viwanja walivyovifyeka wenyewe. Tumezoea kumsifu rubani kwa anayoyafanya angani. Angani kuna kazi, sikatai. Lakini anayetua mahali pasipo mnara wa kumwongoza, pasipo taa wala gari la zimamoto, hupimwa na ardhi.

Chukua mbuga ya Mkata, inayotoka Kimamba na kushuka hadi ndani ya hifadhi. Udongo wake mweusi una tabia mbili. Kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto. Masika hunata mpaka gurudumu linavaa kiatu cha tope na kukataa kuzunguka. Uwanja uliompokea rubani vizuri Jumatatu unaweza kumshika Jumatano, na mvua yenyewe huenda hakuiona, kwa kuwa ilinyesha usiku yeye akiwa Dar es Salaam. Zaidi ya hapo, tembo wakipita kwenye tope huacha mashimo, na jua likiwaka siku chache mashimo hayo hukauka yakawa magumu kama saruji. Gurudumu dogo la mbele likiingia humo kwa kasi, ndege inapiga pua chini na pangaboi linapinda. Bado sijataja mashimo ya ngiri na muhanga, wala vichuguu vinavyoota kimya kimya kati ya safari moja na nyingine.

Ndiyo maana rubani anayeijua kazi hatui moja kwa moja. Hupita kwanza chini chini juu ya kiwanja, na watazamaji hudhani anajionyesha. Anafanya mambo mawili kwa mpigo: anawafukuza pundamilia, na anaisoma ardhi. Nyasi zilizo kijani kuliko nyingine zinamwambia pana maji chini. Moshi wa shamba linalochomwa unampa upande na nguvu za upepo kuliko chombo chochote alicho nacho mezani mbele yake. Akishatua, fundi wa kweli hutembea kwa miguu urefu wote wa kiwanja kabla ya kuruka tena. Hesabu yake ya kuruka ni tofauti na ile ya kutua, hasa Oktoba saa nane mchana, hewa ikiwa nyepesi kwa joto, mabawa yakikosa cha kushika na injini ikikosa nguvu yake ya asubuhi. Hapo inabidi mzigo upunguzwe, au safari isubiri kesho alfajiri. Neno gumu kuliko yote katika kazi hii ni "hapana", na mara nyingi linatakiwa kusemwa mbele ya watu wenye vyeo na masanduku makubwa.

Mji wa Kilosa nao una mtihani wake. Kutoka Morogoro reli ni rafiki wa rubani: unaifuata mpaka Kimamba, unaiona Kilosa chini ya milima, kazi imekwisha. Ila ukiendelea kuifuata magharibi, reli inaingia bonde la Mkondoa kuelekea Munisagara na Kidete, milima ya Rubeho inabana pande zote, na siku ya mawingu dari linashuka. Bonde huruhusu kila ndege kuingia. Kugeuka nyuma linaruhusu kwa kiasi tu, na rubani mwenye akili anajua mahali hasa pa kugeukia kabla hajaingia.

Nikitaka mtu mmoja aliyeubeba ujuzi huu maisha yake yote, inanibidi nitoke Kilosa nipande kaskazini hadi Ol Molog, kwenye mteremko wa magharibi wa Kilimanjaro. Huko Michael Wood alikuwa na shamba, na ndege yake ilitua na kuruka hapo hapo nyumbani. Alizaliwa mwaka 1918, akaja Afrika Mashariki mwaka 1947 akiwa daktari mpasuaji, akajenga kazi yake Nairobi. Baadaye alirudi Uingereza kujifunza upasuaji wa kurekebisha viungo kwa Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand aliyejipatia jina wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa kuwarudishia sura na mikono marubani walioungua ndani ya ndege zao. Wagonjwa hao walianzisha klabu yao wenyewe, ikafikisha wanachama 649 vita ilipokwisha. Napenda kulifikiria darasa hilo: mwanafunzi anaonyeshwa kila siku kile ambacho ndege inaweza kumfanya mtu, kisha anakwenda kujifunza urubani.

Alijifunza kwa lazima. Mpasuaji aliyetaka kumhudumia mgonjwa mmoja wa mbali alimaliza siku barabarani, na siku nyingine kurudi. Chini ya Kilimanjaro, nyumbani kwa Wood, yeye na McIndoe na Mmarekani Thomas Rees walilipika wazo la madaktari wanaoruka, na mwaka 1957 likawa shirika la AMREF. McIndoe alifariki mwaka 1960, asiione kazi ilivyokua. Wood aliendelea kupasua na kurusha ndege mwenyewe, akapewa cheo cha Sir mwaka 1985 na kufariki mwaka 1987.

Katika kazi yake kuna kitu ninachokiona kikubwa kuliko ndege zenyewe, nacho ni simu ya upepo. Miaka ya 1960 shirika lilianza kuziunganisha hospitali za mbali kwa redio. Ghafla rubani alipata macho ardhini. Muuguzi aliyekuwa akieleza hali ya mgonjwa aliweza pia kueleza hali ya kiwanja: jana mvua ilinyesha, upande wa mashariki kumelainika, mbuzi tutawaondoa. Basi urubani ukawa kazi ya watu wengi. Viwanja vingi vya hospitali za misheni vilisawazishwa kwa majembe na mapanga ya wanavijiji, na kila masika yakipita walirudi kufyeka. Wood aliandika vitabu vyake, majina ya wafyekaji hayamo mahali popote. Naiona hiyo kuwa kasoro ya historia yote ya urubani Afrika Mashariki, iliyoandikwa na waliokaa mbele ya ndege.

Hata Wilson, kiwanja cha Nairobi ambacho AMREF imekifanya makao, kina simulizi linalonisaidia. Jina ni la Florence Kerr Wilson, mjane aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929 pamoja na rubani Tom Campbell Black. Black aliyazoea mapori ya nchi hizi kabla hayajawa na ramani za kuaminika. Mwaka 1931 alimkuta rubani Mjerumani Ernst Udet amekwama Sudan, akamwokoa. Mwaka 1934 yeye na C. W. A. Scott walishinda mbio za ndege kutoka Uingereza hadi Melbourne. Kifo kilimkuta mwaka 1936 uwanjani Speke, Liverpool, ndege yake ikiwa chini: ndege ya kijeshi iliyokuwa ikitembea uwanjani ilimgonga. Aliyemwokoa mwenzake Sudan aliuawa na kiwanja kizuri chenye kila kitu.

Sisemi kwamba anga haliui. Januari 1959 Michael Grzimek, kijana wa miaka 24 aliyekuwa akiwahesabu wanyama wa Serengeti na baba yake katika ndege iliyopakwa mistari ya pundamilia, aligongana na tumbusi na kufa. Wala sisemi kwamba urubani humtakasa mtu. Anne Spoerry, daktari aliyeanza kujifunza kurusha ndege alipokuwa na umri wa miaka 45 hivi, alijiunga na AMREF mwaka 1964 na kuzunguka Lamu na kaskazini mwa Kenya mpaka watu wakamwita Mama Daktari. Baada ya kufariki mwaka 1999 ilikuja kujulikana kwa upana kwamba alipokuwa mfungwa wa kambi ya Wanazi ya Ravensbrück alituhumiwa na wafungwa wenzake kuwatesa wagonjwa. Waliotibiwa naye walitibiwa kweli, na waliomtuhumu walikuwepo. Kutua vizuri hakujibu swali hilo.

Hifadhi ya Mikumi yenyewe ilitangazwa mwaka 1964, John Owen akiwa mkurugenzi wa hifadhi za taifa. Naye alikuwa akiendesha ndege mwenyewe kutoka hifadhi hadi hifadhi. Leo kiwanja cha Kikoboga kinapokea zaidi watalii, na sioni ubaya. Kiwanja kinachotumika hufyekwa.

Wasiwasi wangu ni vile visivyotumika. Mtu wa Kilosa ataniambia ndege ni za nini, wakati treni ya umeme inapita kwetu tangu 2024 na barabara ya kwenda Mikumi kupitia Ulaya (Ulaya yetu, si ile ya Wazungu) ni kama kilomita 70 tu. Namkumbusha mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, Mkondoa ilipovunja kingo zake, ikaingia mjini na kuikata reli kati ya Kilosa na Gulwe. Namkumbusha Januari 2014, daraja la Magole lilipokwenda na maji na barabara ya Morogoro na Dodoma ikafungwa. Siku kama hizo mama mwenye uchungu uliokwama hana reli wala barabara.

Kwa hiyo, mwenyekiti wa kijiji unayesoma hapa: kama kwenu kuna ukanda wa zamani ulioachwa na misheni au shamba la katani, usiugawe viwanja vya nyumba kabla ya kuwauliza wazee na halmashauri uliwekwa kwa nini. Ukibaki, ufyekeni kabla ya masika, na mfukie mashimo ya ngiri.