Kalkilatrise si mwenye kosa

Bandugu, wazee wanasema kalkilatrise imeuwa hesabu yetu. Mimi ninakataa. Kambiste wa sokoni pia anahesabu na telefone, lakini ukimpa dolari 35, mbele ya kubonyeza anajua tayari franga zitakuwa karibu ngapi. Kidole kikikosea anashtuka palepale. Sisi wenye diplome tunaamini tu chenye telefone inaonyesha.

Kosa liko mu Exetat. Kwa maulizo ya kuchagua, mwenye kuhesabu na mwenye kubahatisha wanapata pointi sawasawa. Majibu ni 5, bahati moja kati ya 5, bure kabisa! Karatasi yenye ulifanyia hesabu hakuna mwenye anaiangalia. Sasa mwanafunzi ajisumbue na hesabu ya kichwa juu ya nini?