Ulimi wa Mchezaji

Huko Marekani michezo ya vyuo vikuu si burudani ya jioni baada ya masomo kama ilivyo kwetu. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan hukusanya watazamaji zaidi ya 100,000 kwa siku moja, kutazama kandanda ambayo si hii yetu, bali ile ya mpira mfano wa yai, ichezwayo kwa mikono na mabega. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba vyuo havizuiwi kuuza vyenyewe matangazo ya televisheni ya michezo yao. Na tangu hapo fedha ziliingia kama mafuriko. Palipo na fedha nyingi, jina huwa bidhaa, na bidhaa hutaka mlinzi.

Mlinzi huyo ni ofisi ya habari za michezo. Kazi yake ni ya kale, na maafisa wake waliunda chama chao mwaka 1957. Hukusanya hesabu za mabao, huandika sifa za wachezaji, huwapangia waandishi wa magazeti mahali pa kuketi, na huchagua mchezaji wa kuhojiwa. Sitaidharau kazi hii. Bila ya watu hao, michezo mingi midogo isingepata hata mstari mmoja gazetini. Ila mlinzi wa mlango aghalabu hujiona kuwa mwenye nyumba, na hapo ndipo neno langu linapoanza.

Zamani mwandishi alibisha hodi. Siku hizi shabiki hana haja ya mlango. Kijana akidondosha mpira, hata viatu hajavivua, matusi yamekwisha kumfikia mfukoni, ndani ya simu yake. Mwezi wa Mei 2018 Mahakama hiyo hiyo iliifuta sheria iliyozuia majimbo mengi kuhalalisha kamari ya michezo, na matusi ya shabiki yakapata ndugu, yaani matusi ya mcheza kamari aliyepoteza fedha zake. Mwaka 2024 Charlie Baker, rais wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, aliyataka majimbo yapige marufuku kamari juu ya matendo ya mchezaji mmoja mmoja. Nalisifu shauri hilo, kwa kuwa lilielekezwa kwenye chanzo cha maudhi. Walimu wengi wa timu wameshika njia nyepesi zaidi: humnyamazisha anayetukanwa. Kwa misimu mingi wachezaji wa kandanda wa Clemson waliacha kuandika mitandaoni wakati wa mashindano. Unyamavu huo yamkini uliwapa utulivu. Lakini chuo ni mahali pa kufundishwa kusema, na mwanafunzi aliyezoezwa kunyamaza tu hajafundishwa.

Mwaka 2012 Cardale Jones, kijana wa Ohio State, aliandika mtandaoni kwamba alikuja chuoni kucheza kandanda, na kwamba vipindi vya darasani havikuwa na maana. Maneno yalikuwa ya kitoto, na lugha yake mbovu. Alizuiwa kucheza mchezo mmoja. Hata hivyo, nani alimjibu? Watu wazima waliona aibu ya chuo, wasione swali lililokuwa ndani yake: ikiwa kijana anaamini kwamba aliitwa kwa ajili ya misuli yake, ni nani aliyemfunza imani hiyo? Mwezi wa Januari 2015 aliiongoza timu yake kutwaa ubingwa wa taifa, na mwaka 2017 alipata shahada yake.

Kisa cha Missouri ni kizito zaidi. Mwezi wa Novemba 2015 mwanafunzi mmoja alikuwa amegoma kula, akidai kwamba Tim Wolfe, rais wa chuo kikuu, alipuuza ubaguzi wa rangi. Jioni ya tarehe 7 wachezaji Weusi wa kandanda walitangaza kwamba hawatacheza mpaka rais ajiuzulu. Tangazo halikutolewa na ofisi ya michezo, bali na umoja wa wanafunzi Weusi, kupitia mtandao. Mwalimu wao, Gary Pinkel, aliwaunga mkono. Mchezo uliokuwa mbele yao, kama usingechezwa, ungekigharimu chuo dola milioni moja. Tarehe 9 Wolfe alijiuzulu. Siku hiyo hiyo baadhi ya waandamanaji waliwafukuza waandishi wa habari uwanjani mwa chuo. Jambo la kusikitisha, kwani waliokuwa wamedai kusikilizwa walifunga mlango ule ule. Lakini yale ambayo wanafunzi hawakuyapata kwa malalamiko ya wiki nyingi, wachezaji waliyapata kwa siku mbili. Hapo ikajulikana kwa nini ulimi wao ulindwa kwa bidii.

Tarehe 1 Julai 2021 NCAA iliruhusu wachezaji kulipwa kwa majina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe huweza kuwalipa. Vyuo vilivyoonya juu ya mitandao vikaanza kuwafunza vijana namna ya kuvuta mashabiki humo. Hivyo ulimi umefunguliwa, lakini kwa biashara. Na wakimbiaji wetu, wanaofuata njia ya Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia katika siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State, huenda huko kwa viza ya masomo yenye masharti makali juu ya kazi ya malipo; aghalabu hubaki kutazama wenzao wakilipwa.