Ufundi wa Kuuondoa Mvumo katika Amplifaya

Miongoni mwa kazi za fundi redio ipo moja ambayo ikifanywa vyema haiachi kitu cha kuonyeshwa, nayo ni kuuondoa mvumo katika amplifaya ya nyumbani. Amplifaya, yaani chombo kinachoikuza ishara dhaifu ya umeme hadi iweze kuzisukuma spika, hula umeme wa ukutani, na umeme huo, nchini Kenya na Tanzania kama ilivyo Ulaya, hukamilisha mzunguko wa kwenda na kurudi mara 50 kila sekunde, ilhali Marekani ni mara 60. Mapigo hayo yakijipenyeza katika njia ya ishara hukuzwa pamoja na muziki, na msikilizaji huyasikia kama ngurumo ya chini isiyokoma hata pale mwimbaji anapovuta pumzi. Fundi hodari hutumia sikio kabla hajashika bisibisi, kwa kuwa mvumo wenyewe hutaja ulikotoka.

Umeme ukiingia ndani ya kasha hupita kwenye transfoma inayoupunguza volti, kisha kwenye dayodi, ambazo ni vilango vinavyoruhusu mkondo upite upande mmoja tu, na kwa kuwa dayodi nne huzitumia nusu zote mbili za kila wimbi, mapigo 50 hutoka yakiwa 100. Kapasita kubwa, zile kopo za alumini zinazosimama karibu na transfoma, huyapokea mapigo hayo na kuyalainisha hadi yawe mkondo mnyoofu. Ndani ya kopo mna karatasi nyembamba za alumini zilizoviringishwa pamoja na kimiminika, nacho hukauka kwa joto la miaka mingi. Pengine kichwa cha kopo huvimba, uwezo wake wa kuhifadhi umeme hupungua, na mapigo 100 hupenya hadi kwenye spika. Kwa hiyo mvumo wa 100 humfanya fundi azishuku kapasita, na ule wa 50 humpeleka kwenye dayodi iliyokatika au kwenye umeme unaonaswa kutoka nje. Mwanamuziki ataitambua tofauti hiyo upesi, kwani mvumo wa 50 hukaribia noti ya G ya uzi mnene wa gitaa la besi, na wa 100 hukaribia G ya uzi mnene wa gitaa la kawaida. Mkwaruzo, ule mlio mkavu wenye makali kama wa nyigu aliyefungiwa katika kopo, ni jambo jingine: umejaa mitetemo ya juu, na mara nyingi hutoka kwenye swichi ya kufifiza taa, kwenye chaja duni, au kwenye nyaya za dayodi zilizolazwa jirani mno na nyaya za ishara.

Baada ya kusikiliza hufuata jaribio ambalo halina gharama yoyote, la kukizungusha kidhibiti sauti hadi chini kabisa. Mvumo ukibaki vilevile, chanzo kiko baada ya kidhibiti hicho, aghalabu katika sehemu ya ugavi wa umeme. Ukitoweka, chanzo kiko kabla yake, na fundi anaweza kuchomoa waya mmoja baada ya mwingine hadi ampate mkosaji. Jaribio moja hulikata tatizo nusu, na hapo ndipo fundi hutofautiana na mbadilisha vipuri, ambaye hung'oa kapasita nzima na kumtoza mteja kwa kubahatisha.

Lakini mtihani mkubwa wa ufundi huu ni hitilafu isiyo na kipuri kibovu hata kimoja. Amplifaya yenye plagi ya pini tatu imeungwa na ardhi kupitia soketi. King'amuzi cha televisheni nacho kimeungwa na ardhi kupitia waya wa dishi na bomba la chuma lililolishikilia dishi hilo. Waya wa sauti ukiviunganisha vyombo hivi viwili, duara linakamilika: kutoka soketi hadi amplifaya, hadi king'amuzi, hadi bomba, hadi udongoni, na kurudi soketi. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba usumaku unaobadilika huzalisha umeme katika duara la waya, na nyumba yenye umeme imejaa usumaku wa namna hiyo. Mkondo mdogo huzunguka, hupita kwenye ngozi ya waya wa sauti, na kwa kuwa ngozi hiyo ina ukinzani kidogo, milivolti moja tu inayozaliwa hapo hujumlishwa na muziki. Vyombo vyote ni vizima, kila kimoja kikiwashwa peke yake hunyamaza, na bado vikiwa pamoja vinavuma. Fundi huuchomoa waya wa dishi huku king'amuzi kikiwa kimewashwa. Mvumo ukikatika papo hapo, duara limejulikana, nalo hukatwa kwa transfoma ndogo ya kutenganisha inayowekwa kwenye njia ya sauti.

Wapo wanaolikata duara hilo kwa kuing'oa pini ya ardhi kwenye plagi, na mvumo hukoma kweli. Tendo hilo halistahili kuitwa ufundi, kwa sababu siku waya wenye umeme utakapoligusa kasha, mkono wa mwenye nyumba ndio utakaogeuka njia ya kwenda ardhini.

Uangalifu huu hudaiwa zaidi pale panapotumika santuri. Sindano yenye sumaku hutoa takribani milivolti 5, nazo hukuzwa kama mara 100. Tena, kwa kuwa santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa, amplifaya huirudishia, hata mapigo ya 50 yakakuzwa karibu mara 700. Ndiyo maana ule waya mwembamba wa ardhi unaotoka kwenye gramafoni, ambao wengi huuacha ukining'inia, una skrubu yake nyuma ya amplifaya.

Wajenzi wa amplifaya za vali, zile chupa za kioo zenye nyuzi za kupashwa moto, huanza kupambana na mvumo kabla chombo hakijazaliwa. Nyaya za kupasha moto husokotwa jozi ili usumaku wa mmoja uufute wa mwenzake. Transfoma ya umeme huwekwa juu ya kasha bila kufungwa, huwashwa, kisha mjenzi huvaa vipokea sauti vilivyoungwa kwenye transfoma ya spika, akaigeuza ile ya kwanza kidogo kidogo huku akisikiliza mvumo ukipanda na kushuka, hadi aipate pembe ambayo unanaswa kwa uchache kabisa. Hapo huuzima umeme, huchora alama kwa penseli, na ndipo hutoboa matundu ya skrubu.