Mpangilio wa Vijipicha na Mwelekeo wa Kusoma: Uhakiki wa Gridi za Uteuzi katika Programu za Kuhifadhi Miswada ya Kiswahili

Ikisiri

Programu za kompyuta zinazotumiwa kuhifadhi miswada huonyesha kurasa zilizopigwa picha kama vijipicha vilivyopangwa katika gridi. Humo mtumiaji huteua kurasa za kunakili, kuhamisha au kufuta. Makala haya yanahakiki muundo wa gridi hiyo kwa kurejelea maktaba mbili za msimbo, Qt na GTK. Hoja kuu ni kwamba gridi inayofaa picha za kawaida huweza kuupotosha mswada wa Kiswahili ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa hufuata mwelekeo wa lugha ya menyu badala ya mwelekeo wa mswada wenyewe.

1.0 Utangulizi

Sehemu kubwa ya maandishi ya Kiswahili ya kabla ya karne ya 20 iliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Urithi huo haukuishia pwani. Mashariki mwa Kongo ziliandikwa barua na nyaraka nyingine za karne ya 19 ambazo zimechunguzwa na Xavier Luffin, na baadhi yake zimehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji. Kadiri nyaraka za namna hii zinavyopigwa picha, ndivyo mtafiti anavyokutana na kijipicha kabla ya kukutana na karatasi.

Hata hivyo, mjadala wa sera kuhusu Kiswahili na kompyuta umeelekea zaidi kwenye istilahi. Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 kwa ushiriki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilithibitisha kwamba menyu zinaweza kusomeka kwa Kiswahili. Hayo yalikuwa mafanikio, lakini kutafsiri maneno hakugusi mpangilio wa vitu kwenye skrini. Pengo hilo ndilo linaloshughulikiwa hapa.

2.0 Kwa nini kijipicha

Ulazima wa kijipicha unatokana na hesabu. Picha ya ukurasa yenye pikseli 6000 kwa 4000 ina pikseli milioni 24. Kwa baiti 4 kila pikseli, inachukua megabaiti 96 ikishafunguliwa katika kumbukumbu ya kompyuta. Mswada wa kurasa 200 ungehitaji zaidi ya gigabaiti 19. Kijipicha chenye pikseli 256 kila upande hakizidi takriban robo ya megabaiti. Kwa hiyo programu iliyoundwa vyema huandaa vijipicha mapema, huvihifadhi, na huchora vile tu vinavyoonekana dirishani. GTK 4, iliyotolewa mwaka 2020, huenda mbali zaidi: visanduku vichache hutumiwa tena na tena, kila kimoja kikipewa ukurasa mwingine mtumiaji anapoteremka.

3.0 Uteuzi ni wa kisanduku au wa ukurasa?

Ubanaji huu wa matumizi ya kumbukumbu una athari. Ikiwa alama ya uteuzi imewekwa katika kisanduku, basi kisanduku kikipewa ukurasa mwingine, alama huhamia huko. Mtumiaji aliyeteua ukurasa wa 12 anaweza kuona alama kwenye ukurasa wa 60. Amri ya kufuta ikitolewa katika hali hiyo, tatizo si la mwonekano tena. Ni la kupoteza kumbukumbu. Qt na GTK 4 zote hutenga kielelezo cha uteuzi na visanduku vinavyochorwa. Utengano huo ni sahihi, ila hauna manufaa kwa mtengenezaji anayeukwepa ili kuharakisha kazi.

Hata anayeufuata hajamaliza. Katika Qt, kichujio cha kawaida kikificha ukurasa uliokwisha kuteuliwa, ukurasa huo hutoka katika uteuzi, wala haurudi ukiwa umeteuliwa pale kichujio kinapoondolewa. Kwa mtu anayechagua picha za harusi, hasara ni ndogo. Kwa mhifadhi aliyeteua kurasa 40 zenye madoa, kisha akachuja kwa tarehe, orodha yake imepungua pasipo onyo.

Tofauti nyingine ni kati ya njia mbili za kuteua kwa mkupuo. Kubofya huku kitufe cha Shift kimebanwa huteua mfululizo: kurasa zote kati ya ya kwanza na ya mwisho. Kuburura kipanya huteua mstatili: chochote kilichomo ndani ya mipaka yake. Mfululizo hubaki uleule dirisha likipanuliwa, kwa sababu unategemea mpangilio wa kurasa. Eneo lilelile la mstatili hukumbatia kurasa nyingine idadi ya safu inapobadilika. Katika mswada, kurasa zilizo juu na chini katika gridi si jirani katika matini; hivyo mfululizo ndio unaostahili kupewa kipaumbele.

4.0 Mwelekeo wa mswada na mwelekeo wa menyu

Suala zito zaidi ni mwelekeo. Kwa kawaida, Qt na GTK huamua upande wa kuanzia kwa kuangalia lugha ya programu. Menyu zikiwa za Kiarabu, gridi huanzia kulia. Zikiwa za Kiswahili, huanzia kushoto, kwa kuwa Kiswahili cha leo huandikwa kwa herufi za Kilatini. Matokeo yake ni kinaya: programu ikishatafsiriwa kwa Kiswahili, huupanga mswada wa Kiswahili kinyume.

Kitabu cha herufi za Kiarabu kikifunguliwa, ukurasa unaotangulia hukaa kulia na unaofuata kushoto. Gridi ya kushoto kwenda kulia hubadilisha nafasi hizo. Msomaji anayetaka kulinganisha kurasa zinazoelekeana, au kufuatilia doa lililopita kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, huona jozi isiyokuwapo katika kitabu. Vitufe vya mishale navyo humpeleka upande asioutarajia.

Inaweza kudaiwa kwamba suluhisho ni kugeuza programu nzima. Dai hilo halitoshi, kwani menyu za Kilatini zingegeuka pia. Maktaba zote mbili huruhusu mwelekeo uwekwe kwa gridi peke yake. Kinachokosekana ni taarifa ya kuiongoza. Viwango vya IIIF vya kuonyesha nyaraka kwenye wavuti vina kipengele cha mwelekeo wa kutazama, chenye thamani ya kulia kwenda kushoto miongoni mwa nyingine. Pasipotajwa kitu, huchukuliwa kuwa ni kushoto kwenda kulia. Mhifadhi asiyejaza sehemu hiyo ameshaamua bila kujua.

5.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba gridi ya vijipicha hubeba dhana ya kusoma, na dhana hiyo huamua kinachoteuliwa, kinachonakiliwa na kinachofutwa. Kwa hiyo, taasisi za kanda zinazonunua au kufadhili programu za kuhifadhi miswada zinashauriwa kudai mambo matatu: uteuzi ufungamane na utambulisho wa ukurasa na udumu hata ukurasa unapofichwa, idadi ya kurasa zilizoteuliwa zikafichwa ionyeshwe kabla ya amri yoyote ya kufuta, na kila mswada uwe na mwelekeo wake katika rekodi, usiotegemea lugha ya menyu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji teknolojia mpya. Yanahitaji kuandikwa katika masharti ya zabuni kabla ya mkataba kutiwa saini.