Mfalme wa Kusadikika na Kujifunza kwa Kusikia

Wengi wasomao Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951, humsifu Karama, nao wana haki. Lakini sisi twaona ya kuwa mwanafunzi mkuu wa hadithi hiyo ni mfalme mwenyewe.

Karama alishtakiwa na Waziri Majivuno kwa kuwa alitaka watu wafundishwe sheria. Katika utetezi wake hakulilia huruma. Alisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mbali, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo mema, na ijara yao ikawa kifungo. Kosa lao lilikuwa nini? Walileta jema lililotoka kwa wengine, na wakuu wa Kusadikika walikwisha kuamini kwamba jema halitoki ila kwao. Imani hiyo ndiyo shina la kila utawala wa mabavu. Mfalme alipoyasikia mateso ya mjumbe mmoja baada ya mwingine, moyo wake uligeuka, akawafungua wafungwa pamoja na mshtakiwa.

Walimu wa Tunduma wana sababu ya kukisoma kitabu hiki kwa makini. Mpaka ulio mlangoni pao ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890. Wanyamwanga wakawa huku na huku, wala hawakuulizwa neno. Mwandishi naye alijua habari za mipaka, maana alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hata 1944.

Hata hivyo twaona upungufu. Wajumbe sita hawasemi kwa vinywa vyao barazani. Karama husema kwa ajili yao. Tena uhuru wao wategemea moyo wa mtu yule yule ambaye serikali yake iliwafunga. Je, mfalme akifa, au Majivuno akimnong'oneza tena, itakuwaje?

Jawabu limo katika shtaka lenyewe. Karama alitaka sheria ifundishwe, kwa kuwa huruma ya mtawala yaweza kukoma siku moja. Basi, mwalimu asiishie kwenye furaha ya wafungwa kufunguliwa. Na awaulize wanafunzi: kesho yake, mfalme yapasa abadili nini, ili mjumbe wa saba asifungwe?