Zimwi Likujualo: Katuni ya Kijapani na Mashetani Yetu

Wazee wetu walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nimeisikia methali hii tangu utotoni, na sikupata kuifikiri sawasawa mpaka juzi, nilipoichukua simu mkononi mwa mjukuu wangu baada ya sala ya Isha, nikakaa nayo peke yangu barazani.

Kisa ni hiki. Kijana huyu, umri wake miaka tisa, alimsukuma dada yake mlangoni mwa jiko hata mtungi ukavunjika. Nilipomwita alinijibu kwa adabu kabisa: "Babu, si mimi. Kuna shetani asiyeonekana aliniingia." Nikadhani maneno haya ameyaokota hapa hapa Chokocho, kwani hayaadimiki. Kumbe yametoka Japani.

Mchezo wenyewe unaitwa Yo-kai Watch. Kwanza ulikuwa mchezo wa kuchezea katika mashine ndogo za watoto, uliotolewa na kampuni ya Level-5 mwaka 2013. Mwaka 2014 ukafanywa katuni ya televisheni huko Japani, na mwaka 2015 ukaonyeshwa Marekani kwa Kiingereza. Yokai ni jina la Wajapani kwa viumbe vyao vya ajabu: mizuka, mashetani na mazimwi, wote katika kapu moja. Mtoto aitwaye Nate anakwenda msituni kutafuta wadudu, anakuta mashine kuukuu, anatia sarafu, na ndani yake anatoka pepo mweupe aitwaye Whisper. Pepo huyu anajifanya mtumishi wake na kumpa saa ya mkononi. Kwa saa hiyo Nate anawaona yokai. Anayefanya naye urafiki humpa nishani, na akiitia nishani hiyo katika saa, rafiki yule huja kumsaidia.

Nilitazama vipindi kadhaa, kwani anayekihukumu kitu hali hajakiona ni shahidi wa uongo. Mchezo huu unachekesha, na mimi nilicheka. Whisper akiulizwa jina la yokai hujidai anamjua tangu zamani, kumbe anachungulia kibao chake cha umeme kwa siri. Nani kati yetu hajamwona mganga wa namna hii, ambaye habari za nyumbani kwako huzipata kwanza kwa jirani yako, halafu akazitoa kana kwamba kaambiwa na ruhani? Waliotunga wamesema kweli bila ya kukusudia. Qur'ani inatueleza katika Sura ya Sabaa kwamba majini waliendelea kufanya kazi ngumu hali Nabii Sulaiman keshafariki mbele yao, wasijue mpaka fimbo yake ilipoliwa na mdudu. Basi wasiomjua maiti aliye mbele ya macho yao, watamjuaje aliyeiba kuku wako?

Tena pana paka aitwaye Jibanyan. Alikuwa paka wa msichana mmoja, akagongwa na lori akafa. Sasa husimama njia panda kupigana na magari, na kila mara hurushwa mbali. Watoto hucheka, lakini chini ya kicheko pana huzuni, maana paka yule anaamini kwamba bibi yake alimdharau siku ya kufa kwake. Nate hamfukuzi. Anamsikiliza. Hapo nakiri funzo ni jema. Kwetu sisi wako wangapi wanaoambiwa wana shetani, nao wana huzuni tu iliyokosa msikilizaji? Mwanamke anaona haya kumwambia mumewe kwamba hana nguo, lakini shetani akimpanda kichwani akadai kanga, mume huinuka mbio kwenda dukani. Lau angemsikiliza mkewe siku ya kwanza, pasingehitajika ngoma wala ubani.

Lakini kosa la mchezo huu limo katika mwendo wake wenyewe. Wazazi wa Nate wakigombana, chanzo si ukali wa baba wala uchovu wa mama. Ni yokai aitwaye Dismarelda aliyejibanza ndani ya nyumba. Kipindi baada ya kipindi, tabia mbaya ya mtu hupewa mwenyewe mwingine asiyeonekana. Yokai akituzwa au akiondolewa, mambo hutengemaa, na aghlabu hapana haja ya mtu kumwomba mwenziwe radhi.

Sisi hatuwakanushi majini. Wametajwa katika Kitabu, na katika hadithi aliyoipokea Muslim tunafunzwa kwamba kila mtu anaye karini wake. Lakini Sura ya Qaf inatueleza kwamba karini huyo atamkana mwenziwe Siku ya Hesabu, na katika Suratu Ibrahim, aya ya 22, Shetani mwenyewe atasema kwamba hakuwa na nguvu juu yao ila kuwaita tu, nao wakamwitika, basi wajilaumu wenyewe. Ama wale waliotafuta himaya kwa majini, Suratul Jinn, aya ya 6, yasema hawakuongezewa ila taabu.

Pengine utaniambia, "Sheikh, hii ni katuni, na watoto wa Kijapani wanajua kwamba ni mzaha." Naam. Lakini mzaha hupimwa kwa mahali unapoangukia. Hapa Pemba mwaka 1995 iliingia hofu ya Popobawa, watu wakawa wanalala nje pamoja, moto unawaka. Hofu ile ilivuka bahari mpaka Unguja, na huko mtu mwenye maradhi ya akili akauawa kwa kudhaniwa kuwa ndiye.

Na mimi ninalo langu, ambalo sijapata kuliandika. Mwanangu wa kwanza alishikwa na degedege usiku. Wazee wakasema ni ndege wa usiku kampitia, na kwamba sindano itamwua. Nikakubali, mimi niliyekwisha hitimu chuoni na kufundisha wana wa watu. Tukamfukiza mpaka alfajiri. Degedege mara nyingi huletwa na homa kali, na homa yenyewe zama zile aghlabu ilikuwa malaria, ambayo dawa yake ipo. Tulipofika hospitali tulikuwa tumechelewa. Kwa miaka mingi nilisema kwamba jini ndiye aliyemchukua mwanangu. Maneno hayo yalinituliza kwa sababu yaliniondolea lawama. Hakuna aliyenilazimisha kumweka mtoto nyumbani usiku ule. Nilikubali mwenyewe.

Kwa hiyo siwaambii wazazi wazivunje simu. Nawaambia wakae na watoto wao watazame pamoja, na kila kipindi kikiisha wawaulize: nani hasa aliyekosa, na afanye nini sasa?

Mjukuu wangu nilimrudishia simu yake. Lakini kwanza nilimwambia aende kwa dada yake amtake radhi, na asimtaje shetani. Alikawia huko nyuma ya nyumba. Aliporudi akasema, "Babu, nimemwambia ni mimi."

Wabillahi tawfiq.