Muziki wa Filamu Fupi: Kuliza au Kuzindua?

Wako wenzetu wanaodhani kwamba muziki wa filamu ya kimapinduzi hauna budi kuwa wa kishindo: tarumbeta, ngoma na kwaya kubwa. Msimamo huo haujachambuliwa vya kutosha. Sinema za kibepari nazo zimetumia kishindo kwa miaka mingi. Zimemzoesha mtazamaji kulia fidla zinapolia na kuogopa ngoma zinapovuma, bila yeye kujiuliza kwa nini. Hiyo ni kasumba, hata ikipakwa rangi nyekundu.

Hanns Eisler, mtunzi wa muziki aliyepigana upande wa wafanyakazi wa Kijerumani, aliipinga kasumba hiyo kwa kalamu na kwa vitendo. Kitabu chake juu ya utunzi wa muziki wa filamu, alichokiandika pamoja na Theodor Adorno, kilitoka mwaka 1947. Mwaka huo huo alihojiwa na kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka Wakomunisti, na mwaka 1948 akafukuzwa nchini humo. Lakini nadharia hupimwa kwa kazi, na kazi tunayoitazama hapa ni muziki wa filamu ya Alain Resnais, Nuit et Brouillard, yaani Usiku na Ukungu, iliyotolewa Ufaransa mwaka 1956. Ni filamu ya dakika 32 juu ya kambi za Wanazi.

Je, mtunzi apige nini chini ya picha ya lundo la maiti? Akipiga maombolezo mazito, mtazamaji atalia, atafuta machozi, kisha atakwenda zake akiona ametimiza wajibu. Eisler aliikataa njia hiyo. Resnais mwenyewe alieleza kwamba kadiri picha zilivyozidi kutisha, ndivyo muziki ulivyozidi kuwa mwepesi. Ala chache, sauti nyembamba. Wengine wameona huo ni ukosefu wa heshima kwa waliouawa. Sisi tunaona kinyume chake. Muziki unapokataa kulia kwa niaba yetu, akili hubaki macho, na maelezo yanapoyataja makampuni kama I.G. Farben na Siemens yaliyotumia kazi ya wafungwa, tunasikia. Chini ya kilio kikubwa majina hayo yangetupita. (Wakaguzi wa filamu wa Ufaransa walihangaishwa zaidi na kofia ya polisi wa Kifaransa iliyoonekana kambini Pithiviers, ikabidi ifichwe.)

Hata hivyo filamu hii ina upungufu mkubwa. Waliokusudiwa kuangamizwa kama taifa zima walikuwa Wayahudi, lakini katika maelezo hawatajwi ila kwa kupita tu. Muziki wa Eisler unatudai tufikiri, na maneno yanatunyima jambo la kwanza tulilopaswa kulifikiri. Pengo hilo mtunzi wa muziki, hata awe hodari namna gani, hana ala ya kuliziba.